Moyo haushindwi siku moja: presha, chumvi na mambo tunayoyachanganya

Ukitokea msiba wa mtu mzima aliyeondoka ghafla, kabla hata maziko hayajesha magroup ya WhatsApp yashajaa sababu. Mmoja anasema moyo ulifeli, mwengine anasema mshtuko wa moyo, wa tatu anasema presha ilipanda, wa nne karusha voisi ndefu ya kueleza kuwa maji ya moto na ndimu kila asubuhi yangemuokoa. Na wote wanaongea kama vile ni kitu kimoja. Si kitu kimoja, na ndo maana hata namna ya kujikinga haifanani, na kwa kuchanganya huku watu wetu wengi wanaishi na moyo ulioshindwa miaka bila kujua, wanatibiwa pumu, wanatibiwa figo, wengine wanasomewa tu na kufukizwa.

Basi tuyatenganishe kwanza.

Mshtuko wa moyo ni pale mshipa unaolisha nyama ya moyo wenyewe unapoziba, mara nyingi mafuta yamejijenga ukutani mwa mshipa kwa miaka halafu siku hiyo donge la damu linakaa hapo juu na kufunga njia. Ile sehemu ya nyama iliyokosa damu inaanza kufa, mtu anabanwa kifua, jasho linamtoka, na kila dakika ina maana. Moyo kusimama ni jambo jengine: umeme unaouendesha moyo umevurugika, hausukumi tena, mtu anaanguka hapo hapo na fahamu zimeondoka. Sasa moyo kushindwa kufanya kazi, ambao ndo ninaoutaka leo, hauna haraka namna hiyo. Moyo unapiga, mwenyewe anaenda sokoni, anasali, anauza duka lake, ila nguvu ya kusukuma damu haifikii mahitaji ya mwili. Unaweza kuanza kimya kimya na ukachukua miaka kabla mtu hajaanza kulalamika. Yanahusiana, ndio, kwa sababu mshtuko wa moyo ukimpata mtu akapona unamuachia kovu na lile kovu baadae linaweza kuufanya moyo ushindwe, na moyo ulioshindwa sana unaweza kuja kusimama ghafla. Lakini kuhusiana si kuwa kitu kimoja.

Ili kuelewa unavyoshindwa, chukua mashine ya maji ya nyumbani, ile inayovuta maji kisimani na kuyapandisha kwenye tangi la juu. Ikichoka, yanatokea mambo mawili kwa pamoja: juu maji yanafika kidogo, mfereji wa bafuni unatoa ka-uzi tu, na huku nyuma maji ambayo yalitakiwa yaondoke yanabaki. Mwili nao hivo hivo. Kule mbele damu haifiki ya kutosha, ndo mtu anakuwa mchovu, miguu haina nguvu, ngazi mbili tatu tu anatafuta pa kukaa. Huku nyuma damu inarundikana, na maji yanaanza kupenya kutoka kwenye mishipa: yakirundikana upande wa mapafu mtu anakosa pumzi, yakirundikana upande wa mwili miguu inavimba, tumbo linajaa, mwengine hata hamu ya kula inapotea kwa sababu ini na matumbo vimejaa maji.

Hilo ndo linaloitwa na wengi "moyo umejaa maji", na si kweli hasa. Maji hayako ndani ya moyo, moyo umejaa damu kama kawaida yake, maji yamekaa kwenye mapafu na miguu kwa sababu msukumo ni mdogo. (Kuna maradhi mengine ya maji kujaa kwenye mfuko unaouzunguka moyo, ila hayo ni mengine na tuyaache.)

Halafu tena moyo unashindwa kwa namna mbili. Kuna moyo uliolegea na kutanuka, nyama yake imechoka, ukikaza hautoi damu ya maana. Na kuna moyo uliokakamaa, kukaza unakaza vizuri tu lakini kulegea ili ujae damu ndo hauwezi, kwa hivo hata ukikaza kwa nguvu zote kinachotoka ni kidogo kwa sababu kilichoingia kilikuwa kidogo. Huu wa pili unawachanganya watu sana maana mgonjwa anaambiwa "moyo wako unasukuma vizuri" na yeye hawezi kutoka Darajani mpaka Mkunazini, mwendo mfupi tu hapa mjini Unguja, bila ya kusimama njiani.

Dalili mtu azijue, maana hapa ndo wengi wanapopotea. Kukosa pumzi ukifanya kazi ambayo zamani ulikuwa unaifanya bila kufikiri. Kushindwa kulala chali, leo mto mmoja, mwezi ujao miwili, baadae mtu analala kakaa kwenye kiti. Kuamka usiku wa manane ukitafuta hewa mpaka ufungue dirisha. Kikohozi kinachozidi ukilala. Miguu kuvimba, ukiibonyeza kwa kidole panabaki shimo. Kuongezeka kilo kwa siku chache tu na wala hukula zaidi. Mtu wa makamo anayeambiwa ana "pumu ya ukubwani" wakati hajawahi kuwa na pumu utotoni, na presha anayo, mie ningemwambia aulize na habari ya moyo kabla hajanunua dawa nyengine ya kuvuta. Na yule anayeamka usiku anahema, watu wa nyumbani wakaamua kuwa kuna kitu kinamkaba, kumsomea Qur'ani ni kheri wala sisemi aachwe kusomewa, ila asubuhi yake apelekwe spitali, haya mawili hayagombani.

Sasa nani anaupata? Hapa tunaposoma makala za kigeni ndo tunapotea zaidi, kwa sababu moyo kushindwa wa Ulaya na Marekani unawashika zaidi wazee, wengi wako miaka 70 na kitu, na sababu kubwa kwao ni ile mishipa ya moyo kuziba. Kwetu sura ni nyengine. Mwaka 2014 yalichapishwa matokeo ya utafiti wa Muhimbili, Dar es Salaam, uliowafuatilia wagonjwa 427 wa moyo kushindwa: wastani wa umri wao ni miaka 55, na karibu asilimia 45 chanzo chao ni presha. Mishipa kuziba ilikuwa chini ya asilimia 10. Miaka miwili kabla yake ulitoka utafiti wa nchi tisa za Afrika wenye wagonjwa 1,006 nao ukasema karibu hayo hayo, wastani wa miaka 52, na presha mbele. Miaka 52 na 55 mtu bado ana watoto skuli! Bado ndo anategemewa nyumba nzima.

Kwa hivo mtu wa Unguja au Pemba akiuliza "nifanye nini moyo wangu usishindwe", jibu la kwanza halianzi kwenye mafuta ya kupikia, linaanza kwenye presha. Hilo ndo ninalotaka libaki hata ukisahau mengine yote.

Presha inaufanya nini moyo? Rudi kwenye ile mashine ya maji, fikiria mtu kaifinya paipu ya kupandishia. Mashine italazimika kusukuma kwa nguvu zaidi kila siku kupata maji yale yale. Tofauti ni kwamba moyo ni nyama, na nyama ikifanyishwa kazi nzito inanenepa. Kuta za moyo zinakuwa nene, mwanzoni unaona kama ni nguvu, kumbe ule unene unaufanya ukakamae na chumba cha ndani kinakuwa kidogo. Miaka ikipita baadhi ya mioyo hiyo inachoka kabisa na kutanuka. Hapo ndo unasikia mtu anaambiwa "una moyo mkubwa", na ndugu wengine wanaichukulia kama sifa. Moyo mkubwa wa hivi ni moyo uliochoka.

Na ubaya wa presha ni kuwa haiumi. Watu wanasubiri kichwa kiume ndo waseme presha imepanda, kichwa kisipouma wanasema iko sawa. Mtu anaweza kutembea na 180 kwa 110 na anacheza bao vizuri tu barazani. Ndo maana kuipima hakutegemei unavyojisikia. Ikiwa inajirudia 140 kwa 90 au zaidi kwa siku tofauti, hiyo ni presha, hata kama wewe ni mwembamba, hata kama huna mawazo. "Presha ni mawazo" ni kauli tunayoipenda sana kwa sababu inatuondolea kazi, tukiondoa mawazo tumepona, basi. Mawazo yanaipandisha kwa muda, kweli, lakini presha inayokaa juu mwaka mzima ina mizizi mengine: umri, kurithi, chumvi, uzito, kukaa kitako, na kwa wengine figo.

Kwenye mitindo ya maisha nako tusidanganyane, hakuna mtindo wa maisha unaokupa hati ya kutoumwa. Kinachoweza kufanyika ni kupunguza uwezekano, na kupunguza kwenyewe si kudogo. Kuna utafiti maarufu wa Marekani uliochapishwa 2009, madaktari wanaume karibu 21,000 wamefuatiliwa kwa wastani wa miaka 22 na zaidi. Waliangaliwa mambo sita: uzito wa kawaida, kutovuta sigara, mazoezi ya mara kwa mara, kula matunda na mboga kwa wingi, kula nafaka asubuhi, na pombe kiasi. Kwa mtu aliyefika miaka 40 bila moyo kushindwa, wale wasiokuwa na hata moja katika hayo, 21 katika kila 100 walitarajiwa kuupata katika maisha yao yaliyobaki. Wenye manne au zaidi, 10 katika 100. Yaani nusu.

Lakini soma kwa macho mawili. Wale ni madaktari, wanaume, wana pesa, wana pa kutibiwa, na huu ni utafiti wa kuangalia tu, haukumlazimisha mtu kufanya kitu, kwa hivo huwezi kusema kwa uhakika kuwa mazoezi peke yake ndo yaliyomuokoa fulani. Na hao 10 waliofanya mengi mazuri wakaupata vile vile wapo, tusiwasahau, tusije tukamuona mgonjwa kitandani tukaanza kumhoji ulikula nini. Na hiyo pombe, najua kuna watu watairukia hiyo tu. Shirika la Afya Duniani lilisema wazi Januari 2023 kuwa hakuna kiwango cha pombe kilicho salama kwa afya, na pombe nyingi yenyewe inaulegeza moyo mpaka unashindwa. Ambaye hanywi hajakosa dawa yoyote, katika yale sita ana matano ya kushughulika nayo na yanamtosha.

Hayo matano kwetu hapa yanafananaje? Na kuna la sita la kwetu ambalo wale madaktari hawakulihesabu, nalo ni chumvi, tena nianze nalo.

Chumvi inashika maji. Ukila nyingi mwili unabakisha maji ili kuizimua, damu inakuwa nyingi ndani ya mishipa ile ile, presha inapanda. Kwa ambaye moyo wake ushashindwa ni mbaya zaidi, karamu moja ya chumvi nyingi inaweza kumpeleka wodini kwa mapafu kujaa. Kiwango cha Shirika la Afya Duniani ni chini ya gramu 5 kwa siku kwa mtu mzima, hiyo ni kama kijiko kimoja cha chai, na ni ya kila kitu, ile uliyotia mwenyewe pamoja na ile uliyotiliwa.

Na sisi tunatiliwa sana. Papa mkavu, ng'onda, dagaa waliochemshwa kwa maji ya chumvi kabla ya kuanikwa, achari, mbatata za chipsi halafu juu yake chumvi tena na tomato sosi, kripsi za muhogo za paketi wanazokula watoto njiani kutoka skuli, vidonge vya supu na zile unga za mchuzi ambazo sasa zimeingia kila jiko kama vile hapa hatukuwahi kujua viungo! Hilo linanishangaza kuliko yote. Kisiwa cha karafuu, mdalasini, iliki, pilipili manga, nyumba ina mchaichai uani na ndimu kwenye kikapu, halafu mchuzi ukakose ladha mpaka utiwe kidonge ambacho kitu cha kwanza ndani yake ni chumvi.

Mtu asidhani nasema papa asiliwe, mchuzi wa papa na ugali si kitu cha kukatazwa mtu wa Pemba akakusikiliza. Ila arowekwe usiku kucha maji yakabadilishwa mara mbili tatu, achemshwe maji ya kwanza yamwagwe, na mchuzi wenyewe usitiwe chumvi tena, ndimu na pilipili na thomu vifanye kazi. Urojo pia, wa kujitengenezea nyumbani una nafuu kwa sababu chumvi unaishika wewe. Na mezani kikopo cha chumvi kiondoke, maana kuna watu wanamimina kabla hata hawajaonja. Ulimi unazoea, wiki za mwanzo chakula kinaonekana chapwa halafu baadae ukila cha watu ndo unaona kimezidi.

"Mie natumia chumvi ya baharini ya asili, ile ya mawe, haina kemikali." Nimeisikia hii mpaka kwa watu waliosoma. Chumvi inayovunwa kwenye mashamba ya chumvi ya Pemba na chumvi ya paketi kitu kinachopandisha presha ndani yake ni kile kile, na ni karibu kiwango kile kile. Tofauti ya maana ni madini joto yanayotiwa kwa ajili ya tezi la shingo, na hiyo ni sababu ya kutafuta iliyotiwa madini joto, si sababu ya kula zaidi.

Nazi? Watu wanaiogopa siku hizi. Tui lina mafuta mazito na mwenye lehemu (kolesteroli) nyingi kwenye damu apunguze, sikatai, lakini kwa moyo kushindwa wa kwetu huu wa presha mie ningemuacha mtu na tui lake la kiasi nikamnyang'anya chumvi na soda kwanza.

Mazoezi yanapendeza kila tarehe 1 Januari, siku ya mazoezi ya kitaifa, barabara zinajaa fulana mpya watu wanaelekea uwanja wa Amaan, rais mbele, ngoma nyuma. Tarehe 2 tunarudi kwenye vespa hata kwenda duka la pili. Kinachotakiwa ni dakika 150 kwa wiki au zaidi za kutembea kwa haraka, ile ambayo unaweza kuongea lakini kuimba huwezi, yaani nusu saa siku tano. Huhitaji jimu wala viatu vya bei, wanawake wanaotembea asubuhi pale Maisara na mabuibui yao na raba wanafanya kitu kile kile. Wengine watasema sisi tunavuta nyavu, sisi tunalima mwani, tunakesha na kazi, mazoezi ya nini. Kutumia mwili ni kuzuri, wala sikwambii uongeze kukimbia juu ya kazi ya pwani, ila kazi nzito haikukingi kama presha yako iko juu na hujaipima. Mvuvi mwenye misuli naye moyo wake unanenepa kuta ndani kwa ndani.

Uzito nao, hasa wa tumbo, tumeugeuza alama ya kuolewa vizuri. Mwili mkubwa unadai damu zaidi kila dakika, unaleta presha, unaleta sukari, na sukari yenyewe inaiharibu nyama ya moyo hata mishipa ikiwa wazi. Chai ya rangi na sukari vijiko vinne, juu yake maandazi, mchana soda, jioni juisi iliyotiwa sukari tena wakati embe lenyewe tamu. Punguza hapo na utaona. Asubuhi uji wa mtama au muhogo wa kuchemsha na samaki unashiba mpaka adhuhuri, na hiyo ndo nafaka na chakula kizima kinachosemwa kwenye tafiti, usitafute boksi la bei mbaya dukani. Matunda tunayo, tatizo letu tunayaona ni ya kuuzia wageni.

Sigara, shisha, tumbaku ya kutafuna: acha. Hapa sina maneno mengi. Shisha kupitia kwenye maji haigeuki kuwa hewa safi.

Sasa vidonge, na hapa naomba tusikilizane kwa sababu ndo panapoua. Mtu kagunduliwa presha, kapewa dawa, kanywa mwezi mmoja, kaenda kupimwa iko 125 kwa 80, kaacha kwa kuwa "nimepona". Hukupona, dawa ndo inaishikilia. Kauli ya "ukianza vidonge huachi" ni kweli nusu, kwa wengi ni vya maisha, ila si kwamba kidonge kimekufunga, ni presha yenyewe ndo ya maisha. Na ile kwamba vidonge vinaua figo, mara nyingi ni kinyume chake, kinachoua figo ni presha iliyoachwa juu miaka, halafu mtu anaanza dawa wakati figo zishaharibika, lawama anapewa kidonge. Kuna utafiti uliochapishwa 2008 wa watu wa miaka 80 na kuendelea wenye presha, waliopewa dawa moyo kushindwa ulipungua kwa asilimia 64 ukilinganisha na waliopewa vidonge vitupu visivyo na dawa ndani. Miaka 80! Kwa hivo usiseme mama kashazeeka mwacheni. Thomu, mdalasini, majani ya mstafeli, kula kwenye chakula bila shaka, lakini usibadilishe na dawa.

Ramadhani inakuja na kesi zake. Wako wanaoacha dawa mwezi mzima, na wako wenye dawa ya mkojo, ile ya kutoa maji mwilini, wanaoinywa bila mpango kiu ikawamaliza mchana. Dawa nyingi za presha zinaweza kupangwa futari na daku, ila apange daktari, wiki kadhaa kabla mwezi haujaandama. Na mwenye moyo ulioshindwa sana, anayevimba na kukosa pumzi, aulize daktari kama afunge, dini yenyewe imemuwekea mgonjwa ruhusa.

Kitu chengine ambacho hakisemwi: dawa za maumivu. Diklofenaki na ibuprofeni zinauzwa dukani kama pipi, goti likiuma mtu anameza wiki mbili. Zinabakisha chumvi na maji mwilini, zinapandisha presha, na kwa mwenye moyo ulioshindwa zinaweza kumrudisha kitandani ndani ya siku chache. Panadoli ni salama zaidi kwake, kwa kipimo chake, na goti likaangaliwe.

Aliyekwisha kuambiwa moyo wake umeshindwa asikate tamaa, jina linatisha kuliko hali za wengi. Dawa zipo za kuupunguzia moyo mzigo na kuna mioyo inayorudi nguvu. Kazi yake kubwa nyumbani ni mzani: kila asubuhi akitoka msalani kabla ya chai ajipime, aandike. Kilo zikiongezeka zaidi ya 2 ndani ya siku tatu hayo ni maji, asisubiri mpaka ahangaike usiku, aende. Na atembee taratibu, ule ushauri wa kulala kitandani kutwa ni wa zamani.

Kupima presha kwenyewe kuna namna yake, na watu wengi wanapimwa vibaya, kapanda ngazi za spitali anahema, keti hapa, mkono huo, basi, 160. Kaa kitako dakika tano kwanza, mgongo umeegemea, miguu chini usikunje nne, mkono uwe wazi si juu ya shati na uwe usawa wa moyo, usiwe umetoka kunywa kahawa au kuvuta sigara nusu saa iliyopita, kibofu kitupu, usiongee. Pima mara mbili. Ukiwa na mashine nyumbani iwe ya kufunga mkono wa juu. Ambaye presha yake imekuwa juu miaka mingi, au ana zile dalili za kulala na mito, aombe eko, hiyo ni altrasaundi ya moyo, haiumi wala haina sindano, na ndo inayoonesha kama ukuta umenenepa au moyo umetanuka. Wanaohitaji zaidi ya hapo hupelekwa Dar es Salaam, Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete.

Na ziko sababu za moyo kushindwa zisizohusiana na chumvi wala mazoezi kabisa. Mtoto mwenye koo linalouma na homa inayojirudia bila kutibiwa anaweza kupata homa ya baridi yabisi, nayo inaziharibu valvu za moyo, vile vilango vinavyozuia damu isirudi nyuma, na moyo ukaja kushindwa akiwa kijana mbichi, kwa hivo koo la mtoto lisidharauliwe. Na kuna wanawake ambao moyo unalegea mwezi wa mwisho wa ujauzito au ndani ya miezi mitano baada ya kujifungua, mzazi anavimba, anahema, hawezi kulala chali, na bibi zetu wanasema ni uzazi tu, akifungwa tumbo na kukandwa maji ya moto atakaa sawa. Uchovu wa uzazi upo, ila uzazi haumfanyi mtu ashindwe kulala chali kwa kukosa pumzi wiki tatu baada ya kujifungua. Huyo hasubiri arubaini yake iishe, anapelekwa siku hiyo hiyo, na atakayempeleka amwambie daktari waziwazi ni lini kajifungua na analala na mito mingapi.